Kuweka Wasifu Mmoja wa Rangi kwa Watumiaji Wote wa Kompyuta

Kompyuta inayotumiwa kwa zamu, kama zile za studio za picha au za vyumba vya kupangia kurasa za magazeti, huwa na skrini moja na akaunti nyingi. Skrini ikishapimwa kwa kifaa cha kupimia rangi, wasifu wa rangi unaopatikana, yaani faili linaloeleza jinsi skrini inavyoonyesha rangi, hueleza tabia ya skrini yenyewe, wala si ya mtu aliyeketi mbele yake. Kwa hiyo mahali pake ni katika ngazi ya mfumo, na ngazi ya mtumiaji ibaki kwa mwenye sababu mahususi ya kutofautiana na wenzake.

Katika Windows, faili la wasifu likisakinishwa huwekwa kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\drivers\color, ambayo akaunti zote huweza kuisoma. Wengi huishia hapo. Lakini kuwepo kwa faili ni jambo moja na kuliunganisha na skrini ni jambo jingine: uunganisho unaofanywa na mtumiaji huhifadhiwa katika akaunti yake peke yake, hivyo mwenzake ataliona faili kwenye orodha ilhali rangi zake hazijabadilika hata kidogo.

Ingia kwa akaunti ya msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika colorcpl, kisha ubonyeze Enter. Fungua kichupo cha "Advanced" na ubofye "Change system defaults". Dirisha litakalotokea hufanana sana na lile la kwanza, kwa hiyo soma kichwa chake kabla ya kugusa chochote. Humo, chagua skrini katika kichupo cha "Devices", ongeza wasifu kwa "Add", kisha ubofye "Set as Default Profile". Katika kichupo cha "Advanced" cha dirisha hilohilo, weka tiki kwenye "Use Windows display calibration", kwa kuwa bila tiki hiyo Windows haitapakia kwenye kadi ya michoro marekebisho yaliyomo ndani ya wasifu. Ikiwa programu iliyokuja na kifaa cha kupimia huyapakia yenyewe, achia kazi hiyo upande mmoja tu.

Sasa ingia katika kila akaunti na uangalie kisanduku cha "Use my settings for this device". Kisipokuwa na tiki, akaunti hufuata mfumo, na kwa watumiaji wengi hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Mhariri wa picha anayehitaji wasifu wa ziada aachiwe tiki yake, ila abofye kitufe cha "Profiles" na kuchagua "Combine my settings with the system defaults", ili orodha yake iungane na ile ya mfumo badala ya kuiziba.

Kwenye Linux yenye mazingira ya eneo-kazi ya GNOME, kazi hii hufanywa na colord, programu ya mfumo inayosimamia wasifu wa rangi. Wasifu ulioingizwa na mtumiaji hukaa katika ~/.local/share/icc, ndani ya folda yake ya nyumbani; ili utumike kwa wote, fungua sehemu ya rangi katika mipangilio, uchague wasifu, na ubofye "Set for all users". Usiipuuze hatua hii: skrini ya kuingilia huendeshwa kwa akaunti yake yenyewe kabla hujaingia, na vichujio vya CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, haviendeshwi kwa jina lako, hivyo havitegemewi kusoma faili lililo katika folda yako ya nyumbani. Kwenye macOS, hamisha faili kutoka ~/Library/ColorSync/Profiles hadi /Library/ColorSync/Profiles, kisha kila mtumiaji auchague wasifu huo katika mipangilio ya skrini.

Kila skrini inapopimwa upya, rudia hatua za ngazi ya mfumo, kwani programu ya upimaji inaweza kuwa imeunganisha wasifu mpya na akaunti ya aliyepima tu. Baada ya hapo, ingia kwa akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, na uhakikishe kwamba wasifu uliowekwa kuwa chaguo-msingi ni ule wenye tarehe ya upimaji wa mwisho.