Ruta mbili kwenye kiwanja kimoja: kupanga anwani zisigongane

Umeme ukirudi, simu zote nyumbani zinaonyesha alama ya Wi-Fi, lakini ujumbe hautoki. Wengi hukimbilia kumlaumu mtoa huduma. Kabla ya hapo, pima kwa dakika mbili. Angalia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu anwani ya lango, yaani ya ruta yenyewe. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa visanduku vingi vya 4G. Kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri, andika ping na anwani hiyo. Isipojibu, au ikijibu kwa kurukaruka, ubovu uko ndani ya kiwanja chako. Ikijibu vizuri, jaribu 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Hiyo ikikataa, sasa mpigie mtoa huduma. Ikikubali na kurasa bado hazifunguki, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye ruta, kisha uizime na kuiwasha.

Goma, mashariki mwa Kongo, ina sababu yake ya kuwa na ruta mbili. Nyumba ya mbele ikijengwa kwa mawe ya volkano, ukuta mnene unameza mawimbi, na nyumba ndogo ya nyuma haipati kitu. Nyumba ya mbao, kinyume chake, inapitisha vizuri mpaka kwa jirani. Bati ndilo adui mkubwa: ruta iliyowekwa nyuma ya ukuta wa mabati ni kama imefungiwa sandukuni. Basi mtu ananunua ruta ya pili ya mtumba, anaichomeka kwenye ya kwanza, na hapo anwani zinaanza kugongana, kwa sababu zote mbili zinajiita 192.168.1.1 na zote mbili zinagawa anwani. Simu inayookota anwani kutoka kwa ruta isiyo na njia ya kutoka inabaki na Wi-Fi bila intaneti.

Ruta ya pili ipangwe hivi, na mpangilio wa hatua usiuvuruge.

Usiiunganishe bado na ya kwanza. Iwashe, bonyeza kitundu cha kurudisha upya kwa pini, sekunde 10 hivi, hadi taa zote zizime na kuwaka. Unganisha kompyuta kwa waya kwenye tundu la LAN (mtandao wa ndani), fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Kwanza badilisha anwani yake ya LAN: kama ruta kuu ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0. Ukihifadhi, ukurasa utapotea, ni kawaida. Ingia tena kwa anwani mpya. Hapo ndipo uzime DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Ukianza na DHCP, kompyuta itajipa anwani inayoanza na 169.254, nawe utajikuta umefungiwa nje. Ikikutokea, ipe kompyuta kwa mkono 192.168.1.50, kisha ingia.

Mwisho, waya kutoka LAN ya ruta kuu uingie LAN ya ruta ya pili. Tundu la WAN, lile la rangi tofauti la kupokea intaneti kutoka nje, liache tupu. Hapa ndipo wengi wanakosea, na mtandao unaonekana kufanya kazi huku printa ya nyumba ya mbele ikigoma kuonekana nyuma.

Jina la Wi-Fi na nenosiri viwe sawa kote, ila chaneli zitofautiane. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11 tu, maana za katikati zinaingiliana na za jirani pande zote mbili.

Waya wa Cat5e unafika mita 100, wa kutosha kiwanja chochote cha Himbi au Ndosho. Kuuzika kwenye mwamba wa lava ni kazi ya nyundo na patasi, kwa hiyo wengi wanaupitisha juu. Sawa, lakini nunua ule wa nje wenye gamba jeusi. Ule wa ndani hukauka na kupasuka kwa jua. Radi za huku si za mchezo: mvua ikianza kunguruma, chomoa waya huo pia, si plagi peke yake.

Sasa rudi kwenye umeme. Ruta nyingi za bei rahisi hupoteza orodha ya anwani zilizogawa zinapozimika. Tuseme ruta ya nyuma ina betri na ya mbele haina. Simu iliyoko nyuma haikuona chochote kikikatika. Bado inashikilia 192.168.1.103. Ruta kuu inawaka, imesahau, inaipa televisheni 192.168.1.103 ileile. Vifaa viwili vinavutana anwani moja, na kila mmoja anasema mtandao unakuja na kuondoka. Dawa ni mbili. Ya kwanza, weka DHCP igawe kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.249, na printa au kamera uzipe anwani za kudumu chini ya 100. Au zihifadhie anwani kwa namba ya MAC, ile ya utambulisho wa kila kifaa. Kwa simu, kwanza zima ile MAC ya kubahatisha kwa mtandao huo, la sivyo ruta itaiona kama mgeni.

Dawa ya pili ni betri kwa ruta zote mbili. Soma kibandiko: volti 12 si volti 9, na plagi ikikaa haimaanishi volti ni zilezile. Usidanganywe na 8800 mAh iliyoandikwa kwenye betri ndogo, kwani kwa kawaida inahesabiwa kwa volti 3.7, yaani kama saa-wati (Wh) 32. Ruta na kisanduku cha 4G vikila wati 12 pamoja, unapata saa mbili na kitu.

Walio karibu na mpaka, upande wa Birere, wana jambo moja zaidi. Kisanduku cha 4G kinaweza kunasa minara ya Gisenyi, upande wa Rwanda. Zima huduma ya mitandao ya nje (roaming) na uchague mtandao wako kwa mkono, kisha usogeze kisanduku kwenye dirisha linaloelekea mjini.