Kabla hujatia kiberiti kondeni: majani ya uwanda yana kazi kuliko jivu lake

Februari ikiingia, kaskazi bado inavuma na masika inasubiriwa, moshi huanza kuonekana kusini mwa Unguja, kuanzia Muyuni na Makunduchi hadi Charawe na Ukongoroni. Watu wamefyeka, majani yamekauka, kilichobaki ni kiberiti. Pemba nako, kwenye maweni ya Micheweni, ni hivyo hivyo. Sababu zinajulikana, na si za kijinga. Moto ni rahisi, unamaliza miiba na magugu, unafukuza nyoka, na jivu huipa mimea ya mwanzo nguvu. Mkulima mwenye panga moja, na watoto wake wako skuli, haambiwi tu "usichome" kisha akaachwa na kichaka chake.

Lakini kwanza tutazame kinachoungua.

Uwanda, yaani ardhi hiyo ya maweni, hauna udongo mwingi. Ni jiwe la matumbawe lenye matundu na nyufa, na udongo uliomo humo kwa sehemu kubwa ni majani yaliyooza mwaka baada ya mwaka. Moto mkali hauishii kwenye majani uliyoyafyeka juzi. Huingia nyufani ukaunguza udongo wenyewe. Halafu kuna suala la jivu. Jivu husifiwa kwa kupunguza asidi, na kwenye udongo wenye asidi sifa hiyo ni ya haki. Uwanda umekaa juu ya chokaa, hauna asidi ya kupunguzwa. Ukilijaza jivu pahala pamoja, mmea hushindwa kufyonza chuma na zinki, na majani machanga hutoka ya manjano. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakaenda kununua dawa.

Potashi na fosforasi hubaki kwenye jivu, ingawa upepo na mvua ya kwanza huchukua fungu lao. Naitrojeni ndiyo inayopotea, kwa kuwa nyingi yake hupaa na moshi. Tuseme ekari yako ina tani 2 za majani makavu na vitawi vyembamba, na naitrojeni iliyomo ni asilimia 2. Hizo ni kilo 40. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Ikipotea hata robo tatu ya hizo kilo 40, umechoma zaidi ya mfuko mmoja wa mbolea, na dukani hukopeshwi kwa sababu hiyo.

Hesabu ya moshi

Tunazungumza sana juu ya bahari kula fukwe na maji ya chumvi kuingia mabonde ya mpunga, lakini moshi wa konde hatuuhesabu. Kwa viwango vya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, tani moja ya miti na majani makavu ya msitu wa tropiki ikiungua yote hutoa kilo 1,580 hivi za hewa ukaa, kilo 6.8 za methani na kilo 0.2 za naitrasi oksaidi. Hizo mbili za mwisho zisikudanganye kwa udogo. Kwa kipimo cha miaka 100, methani hupasha joto mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na naitrasi oksaidi mara 265. Ukijumlisha, ile tani moja inafikia kama kilo 1,820 za hewa ukaa. Lita ya petroli hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo tani moja ya kichaka ni sawa na kuchoma lita 790 za petroli.

Tuseme na upande wa pili. Konde ikilazwa mpaka kichaka kikarudi kama kilivyokuwa, hewa ukaa ileile hufyonzwa tena. Lakini kukua kwa kichaka hakurudishi methani na naitrasi oksaidi iliyokwisha kutoka. Na siku hizi nani analaza konde mpaka kichaka kikomae? Ardhi imekuwa ndogo, watu wamekuwa wengi, tunarudi kufyeka kikiwa bado kichanga, na deni linabaki hewani. Moto ukivuka ukaingia msitu wa Jozani au Kiwengwa-Pongwe, basi hasara ni ya miti iliyochukua miongo kukua, na kima punju anayeitegemea.

Choma kisichooza

Ushauri wangu ni kuutenga uchafu wa konde. Magogo na fito ni kuni, boriti na ua. Majani na vitawi laini visiguswe na moto: vijaze kwenye matundu ya mawe unakopanda migomba, mipapai na maboga, uchanganye na samadi kidogo, au uvitandaze kati ya mistari ya muhogo na mbaazi. Kwenye uwanda, ambako maji hupotea jiweni mara tu mvua ikikatika, matandazo yanafaa kuliko jivu kwa hilo moja tu la kushika unyevu. Kazi ya mwaka wa kwanza ni nzito, sikufichi. Panda kunde mapema zifunike ardhi, palizi itapungua.

Kitakachobaki ni miiba na mizizi ya magugu sugu. Hiyo choma, lakini ikauke kwanza kabisa, kwani kitu kibichi hufuka badala ya kuwaka, na moto wa kufuka ndio unaotoa methani nyingi. Fanya mabiwi madogo juu ya mwamba mtupu, mbali na mpaka. Safisha njia ya mita tatu au zaidi kuzunguka konde, ukifagia na majani yaliyojificha nyufani. Mwarifu sheha, jirani na kamati ya msitu ya shehia. Sheria ya misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996 ndiyo iliyofungua njia ya jamii kusimamia misitu yao kwa makubaliano na Serikali, kwa hiyo kamati hizo si za mapambo. Washa asubuhi upepo ukiwa umetulia, uwe na watu, maji na matawi mabichi, na upate mchana mzima wa kulinda. Warina asali wanaotumia mwenge nao wafuate taratibu hii. Cheche moja kwenye pango la mti mkavu inatosha.

Kwa wenye mikarafuu, Pemba hasa, sina nafasi ya kupatana nanyi: msichome chini ya mkarafuu hata kidogo. Jani lake lina mafuta, mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na mche mpya utakaa miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa. Fyekeni nyasi kabla ya kiangazi, muziache zioze palepale bila kugusa shina.

Baada ya kuchoma, pitisha mgongo wa kiganja karibu na jivu, hasa penye visiki. Mzizi mkavu ndani ya ufa wa jiwe huweza kufuka usiku kucha na kuwaka kesho yake upande wa pili, kwa hiyo rudi asubuhi na ndoo ya maji hata kama jana ulikuta pamepoa.