SOMO: Namna ya kuchagua kampuni ya kukuletea mzigo mdogo toka nje mpaka Mtwara bila kulipia hewa

Habari za muda huu ndugu zangu wa Mtwara, Lindi na wote mlioko huku kusini. Wiki hii wamenifata watu watatu na shida yao ni moja, wameagiza vitu vidogo toka China au India, kilo tatu, kilo tano, alafu gharama ya kuvileta imezidi bei ya vitu vyenyewe. Mmoja ni mama wa kikundi cha kubangua korosho, kanunua vifaa vya dola 64 vya mashine ya vakyumu (ile ya kutoa hewa kwenye mfuko na kuufunga), usafiri kalipa dola 118, na kodi bado. Iliniuma sana maana ile ni hela ya kikundi, kinamama wamechanga elfu mbili elfu tatu.

Mimi naleta spea za mashine ndogo ndogo hapa Mtwara mjini, elementi, mipira, visu, mikanda, thermostati. Kwaio haya ninayoandika nimeyapitia kwa mikono yangu, na naomba uyasome yote KABLA hujamlipa sapulaya (muuzaji wako wa kule nje), sababu ukishalipa mambo mengi hayarudi nyuma.

Kabla ya yote acha kuuliza "kilo shingapi". Uliza mpaka mzigo uwe mkononi mwangu hapa Mtwara nitakuwa nimetoa jumla shingapi, na utachukua siku ngapi.

HATUA YA 1: Jua njia zilizopo

Kuna kampuni za haraka kama DHL, FedEx, UPS na Aramex. Hizi zinabeba zenyewe toka kwa sapulaya na forodha zinakufanyia zenyewe, siku ni chache, bei iko juu. Kuna EMS, huduma ya haraka ya Posta, inatoka posta ya kule inapokelewa na Posta yetu, ni nafuu ila siku hazitabiriki sana. Alafu kuna maajenti wenye stoo Guangzhou au Yiwu, wanakusanya mizigo ya watu wengi wanaileta Dar kwa ndege au meli, wengi unachukulia Kariakoo.

Hakuna njia iliyo bora kuliko zote. Mashine ya mteja imesimama katikati ya msimu wa korosho, Oktoba hiyo, hapo hata ukitoa dola 50 za ziada kwa kampuni ya haraka bado una faida. Stoku ya duka ya miezi sita, mpe ajenti. Kitu kimoja cha kilo moja na hakina haraka, Posta inatosha kabisa.

HATUA YA 2: BOKSI (hapa ndo watu wanaumia, soma taratibu)

Kampuni za haraka hazikuchaji kwa mzani peke yake. Wanapima boksi urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, jibu linaitwa uzito wa ujazo. Alafu wanalinganisha na uzito wa mzani, ule MKUBWA ndo unaolipia. Mizigo ya kawaida ya ndege mara nyingi wanagawa kwa 6000, na ajenti wa meli anahesabu kwa mita za ujazo.

Chukua mzigo wangu mwenyewe. Mipira ya mashine ya vakyumu na elementi, mzani kilo 5.5. Sapulaya kaweka kwenye boksi la 50 kwa 40 kwa 40 kajaza sponji. Piga hesabu, 50 x 40 x 40 ni 80,000, gawa kwa 5000 unapata kilo 16. Yaani nilikuwa nalipia kilo 16 wakati kilo kumi na nusu humo ndani ni hewa! Nikamwandikia sapulaya abadilishe boksi, mipira ikunjwe iingie kwenye mfuko, boksi liwe 40 kwa 30 kwa 20. Hapo ni 24,000 gawa kwa 5000, kilo 4.8. Sasa mzani ndo mkubwa, nikalipia kilo 5.5. Mzigo ule ule, sapulaya yule yule, ndege ile ile.

Kwaio kabla hujauliza bei popote mwambie sapulaya akupe vitu vitatu, uzito baada ya kufungwa, vipimo vya boksi, na picha ya boksi likiwa na futikamba juu yake. Akikwambia "usijali, boksi dogo tu" usikubali, dai namba. Na ujue wanapandisha mpaka nusu kilo inayofuata, ukiwa na kilo 5.1 unalipia 5.5, kwaio saa nyingine inafaa kuongeza spea moja ndogo ambayo ungeihitaji baadae, safari yake ni bure.

Ila usibane mpaka kitu kivunjike. Kioo, vitu vya plastiki nyembamba, geji, hivyo acha viwe na sponji yao.

HATUA YA 3: Dar sio Mtwara

Hili wenzetu wa Dar hawaliwazi ila sisi linatuhusu sana. Parseli nyingi za haraka zinashukia uwanja wa Julius Nyerere na forodha inafanyika hukohuko. Tovuti ya kampuni inakwambia "siku 4 Tanzania", hizo siku 4 ni za Dar. Uliza maswali haya moja kwa moja: mnaleta mpaka Mtwara mjini au naenda kuchukua? Kuna nyongeza ya eneo la mbali? Na Masasi, Newala, Nachingwea je? Nyongeza ya eneo la mbali ipo kwenye kampuni karibu zote kubwa na haionekani kwenye bei ya mwanzo, kama ilivyo nyongeza ya mafuta ambayo inabadilika badilika.

Mimi mara nyingi napokelea Dar kwa ndugu yangu anaeaminika, anaupeleka Mbagala unapanda basi la asubuhi, jioni nauchukua stendi hapa. Ni nafuu, ila lazima huyo mtu awe na simu iliyo wazi muda wote na kitambulisho, na jina kwenye parseli liwe lake au umuandikie barua. Na barabara yenyewe tunaijua, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya zilivyokata njia kule Somanga mizigo ililala Dar na sisi tukabaki tunaangalia simu. Kipindi cha masika ongeza siku kwenye hesabu zako, usimuahidi mteja tarehe iliyobana.

Anwani: sanduku la posta peke yake kampuni za haraka hawalitaki. Andika jina kamili, mtaa, kata, namba ya nyumba kwenye ile anwani ya makazi, postikodi (Mtwara zinaanza na 63, Lindi 65), kitu kinachojulikana jirani, na namba ya simu yenye +255. Simu ndo anwani ya kweli, ukiikosea tarakimu moja mzigo unarudi.

HATUA YA 4: Kodi na makaratasi

Mzigo kuwa mdogo haina maana hauna kodi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki uko kwenye madaraja ya asilimia 0, 10, 25 na 35 kutegemea ni kitu gani, alafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya thamani PAMOJA na ushuru. Mfano thamani inayokadiriwa ni dola 200 na ushuru ni asilimia 10, ushuru ni 20, VAT ni asilimia 18 ya 220 ambayo ni 39.6, jumla 59.6, na kuna tozo nyingine ndogo juu yake. Kampuni ya haraka ikikulipia kwanza forodha ili mzigo utoke nayo inakata ada yake ya kazi hiyo, ulizia mapema.

Daraja linaamuliwa na namba ya HS, yaani namba ya forodha inayoonyesha ni bidhaa ya aina gani. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile dunia nzima, huku kwetu zinakuwa 8. Muombe sapulaya aiandike kwenye invoisi. Na maelezo ya kitu yawe kamili. Mzigo wangu mmoja ulikaa Dar siku 11 kwa sababu invoisi iliandikwa "spea" basi, spea za nini, za gari, za ndege? Nikapigiwa nitume picha, katalogi, risiti ya malipo, na ajenti niliemtumia kipindi hicho akawa hapokei simu siku tatu nzima. Siku hizi naandika "elementi ya kupasha joto, ya mashine ya kufunga mifuko, volti 220, vipande 10, bei ya kila kimoja" na sijasumbuliwa tena.

HATUA YA 5: Omba bei tatu

Ukishakuwa na kilo, vipimo na anwani, omba bei kwa sapulaya, kwa kampuni yenyewe, na kwa ajenti mmoja. Usishangae ya sapulaya ikawa chini, wao wana mikataba ya mizigo mingi. Angalia tu bei ya bidhaa imeandikwa nini, EXW ina maana kiwandani kwake, kuitoa hapo ni juu yako, FOB sapulaya anaifikisha bandari ya kwao na taratibu za kutoka nchini kwao zimekamilika. Ziandike zote tatu kwenye karatasi moja: usafiri, nyongeza, kodi, ada, basi la Mtwara. Hapo utaona mwenyewe.

Ukipokea, fungua mbele ya aliekuletea kama inawezekana, piga picha, boksi likiwa limebonyea andika kwenye karatasi kabla ya kusaini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (dada, Masasi): Asante kaka kwa somo. Sapulaya wangu anasema atanitumia DDP, kila kitu kimelipwa na kodi, mpaka mlangoni. Nimuamini?

Jibu: Dada yangu, DDP maana yake kweli ni mtumaji anabeba mpaka kodi. Ila muulize aandike kwenye meseji, mlangoni wapi, Masasi au stoo ya Kariakoo? Wengi wanamaanisha Kariakoo. La pili, mzigo wa namna hiyo mara nyingi unaingia kwenye kundi la mizigo ya watu, karatasi za forodha hazina jina lako wala TIN yako. Kama unauza na unatunza hesabu za TRA au unauzia taasisi, utakuja kutakiwa zile karatasi na hutakuwa nazo.

Swali (Lindi mjini): Mkuu mi nataka betri za lithiamu za taa za kuvulia dagaa, vipande 40, wavuvi wananisubiri. Njia ipi ya haraka?

Jibu: Ndugu yangu betri tupu za lithiamu ni habari nyingine. Toka Aprili 2016 haziruhusiwi kupanda kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo lazima chaji isizidi asilimia 30. Kampuni nyingi zitakukatalia au zitataka kibali maalum. Muombe sapulaya ripoti ya UN38.3 (majaribio ya usalama wa betri kwa ajili ya kusafirishwa) na karatasi ya usalama, alafu leta kwa meli, agiza mapema. Zikiwa zimefungwa ndani ya taa yenyewe masharti ni mepesi kidogo. Ila akikwambia ataandika "vifaa vya umeme" ili zipite, mkatalie. Ndege ina watu.

Swali (kijana, Newala): Kwanini nisimwambie aandike zawadi, dola 10? Wenzangu wanafanya.

Jibu: Mdogo wangu, forodha wanaona bei za vitu hivyo kila siku, wakikukadiria upya unalipa kodi halisi na faini juu yake. Na mzigo ukipotea fidia utadai ya dola ngapi? Kumi. Mimi nakusihi usiingie huko, weka bei halali.

Swali (mzee, Mikindani): Wanangu, kifurushi changu cha Posta namba haisomi wiki mbili, inasema kimetoka China tu.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Namba ya Posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, mwisho herufi mbili za nchi, CN kwa China. Ikianza na E ni EMS, na R ni rejista, hizo zinafatiliwa mpaka huku. Ikianza na U ni pakiti ndogo isiyofatiliwa, ikishatoka kwao mara nyingi hutaona kitu tena mpaka ifike. Nenda na namba hiyo na kitambulisho dirishani Posta hapo mjini, usiishie kwenye simu. Na sapulaya wako afungue malalamiko posta ya kwao, mtumaji ndo mwenye nguvu zaidi.

Swali (dada, Mtwara): Bima kuna haja kweli kwa kimzigo cha dola 300?

Jibu: Ipo dada. Bila bima ukomo wa fidia unahesabiwa kwa kilo, sio kwa bei ya kitu. Mkataba wa Montreal kwa mizigo ya ndege umeweka ukomo kwa kilo moja, toka mwisho wa 2024 ni SDR 26, hiyo ni fedha ya hesabu ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Kitu cha nusu kilo cha dola 300 hapo umeumia. Na kikiwa kimeharibika lalamika kwa maandishi ndani ya siku 14, usisubiri.

Swali (kikundi cha korosho, Tandahimba): Tunataka spea za Machi, tuagize lini?

Jibu: Mama zangu, angalieni mwaka mpya wa Kichina kwanza. Haukai tarehe moja, 2025 ulikuwa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari. Viwanda vinafunga wiki mbili au zaidi, na wiki tatu kabla kila mtu anakimbizana na ndege zinajaa. Lipieni ili mzigo utoke kiwandani mwezi mzima kabla ya hiyo tarehe. Na vipimo vya boksi mkishavipata nitumieni nivipigie hesabu kabla hamjatoa hela, sitaki malipo.