Kabla hujashea draivu ya CD ofisini, angalia haya kwanza

Ofisi nyingi hapa Dodoma siku hizi zimejaa laptop nyembamba ambazo hazina hata pa kuingizia CD, halafu kule kwenye kona kuna desktop moja ya zamani yenye DVD draivu nzima kabisa, na kila mwenye CD ya dreva ya printa au ya nyaraka za miaka ile anapanga foleni hapohapo. Ndo mtu anapata wazo, si tuishee tu kwenye mtandao kila mtu afungue akiwa mezani kwake? Inawezekana, na haichukui muda, ila kuna vitu usipoviangalia kabla mtakuja kutafuta mchawi.

Kwanza hiyo kompyuta isiwe inalala. Ikijizima au ikisinzia, draivu inapotea kwa wote, kwa hiyo zima ile seti ya kulala na iwekee UPS.

Pili vumbi. Sisi tunajua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane, madirisha wazi, meza inafutwa asubuhi saa nne ishakuwa nyekundu. Lenzi ya draivu haipendi hayo kabisa, na CD ikianza kusomeka kwa kukwamakwama watu wanalaumu mtandao wakati mtandao hauna kosa. Jaribu kwanza CD kwenye mashine yenyewe.

Kwenye seti za mtandao za Windows, mtandao wa ofisi uuweke Private, sio Public, na usizime neno la siri eti kwa sababu linasumbua, tengeneza akaunti ya watu watakaotumia basi. Kama kuna mashine ya Windows XP haiioni draivu na fundi anakwambia suluhisho ni kuwasha SMB1, yaani ile njia ya zamani ya Windows ya kushea mafaili, mkatalie. WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili ya watu na kudai hela, mwaka 2017 kilipita kwenye mlango huohuo.

Jina la draivu liwe fupi, mfano \\MASIJALA\DVD, yaani jina la kompyuta kisha la draivu. Hapa kuna kitu kinawachosha watu bure: kwenye mashine yako umeipa hiyo draivu herufi Z, unaiona vizuri, ukianza kuingiza programu Windows inaomba ruhusa ya admin, ukikubali tu inadai Z haipo. Haijaharibika, yule admin anahesabiwa kama mtu mwingine na hiyo Z hakupewa. Andika ile njia ndefu yote, \\MASIJALA\DVD, badala ya Z, itaendelea.

Spidi usiitegemee sana. Swichi ya Mbps 100 inapitisha kama MB 12 hivi kwa sekunde, DVD ya 16x ikiwa kwenye kasi yake inafika MB 22, na wakisoma watu wawili kwa pamoja lenzi inakimbia huku na huku mpaka wote wanakwama. Halafu usijaribu kuchoma CD ukiwa mezani kwako, hiyo haipo, ni kusoma tu.

Sasa hili ndo la kusoma taratibu. Ukishea draivu hujashea CD iliyomo leo, umeshea tundu. Chochote kitakachoingia humo kesho, mwezi ujao, mwakani, kinaonekana na wote uliowapa ruhusa, na Windows ukiiachia yenyewe inampa ruhusa ya kusoma Everyone, yaani kila mtu. Kwenye hard disk angalau kila faili linaweza kuwa na kufuli lake, CD haina, kufuli ni lile moja tu la mlangoni.

Kuna ofisi moja hapa mjini niliitwa, draivu nzima ilikuwa kwa mhasibu. Mtu aliishea zamani ili masijala waingize dreva ya printa, wakamaliza, hakuna aliyekumbuka kuifunga. Wakaguzi wakaja wanataka mishahara ya nyuma, mhasibu akatoa CD kabatini, akaiingiza, akaenda kunywa chai. Kijana wa masijala akafungua Z yake anatafuta dreva, anakutana na folda MISHAHARA, ndani mwaka mmoja mmoja, majina, mikopo ya benki, nani anakatwa hela ya matunzo ya mtoto. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. Mhasibu anarudi anakuta taa ya draivu inawakawaka na CD inanguruma wakati yeye hajagusa kitu, akajua virusi, ndo nikapigiwa simu. Nikafungua Computer Management, Shared Folders, Open Files, pale majina ya waliofungua yamejipanga na kila faili walilolishika. Nikamwonyesha, akakaa kimya. Barua ya kujieleza akaandikiwa yeye, wakati hata siku draivu inashewa hakuulizwa, na mpaka mchana jengo zima lilikuwa linajua mkopo wa nani umebaki shilingi ngapi.

Na siku hizi sio umbea tu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mshahara wa mtu kuvuja hivyo ofisi inabanwa.

Kwa hiyo mimi nashauri usiishee draivu kabisa kama unaweza kukwepa. Nakili CD hiyo moja kwenye folda, au itengenezee faili la ISO, yaani nakala ya CD nzima ndani ya faili moja, DVD ya kawaida ni GB 4.7 tu, shea hilo folda. Kuanzia Windows 8 ISO inafunguka kwa kuibofya mara mbili, ya 7 itahitaji programu. Ukilazimika kushea draivu yenyewe, toa Everyone, weka majina ya wanaohusika, kusoma tu, wakimaliza funga siku hiyohiyo, na CD isilale kwenye trei. Bandika karatasi juu ya draivu iandikwe IMESHEWA kwa maandishi makubwa, mhasibu aione kabla hajaingiza kitu. Na CD za kuokota mitaani zipige skani kwanza, na anayebonyeza kutoa CD aulize kama kuna mwenzake anaisoma, na fundi akiondoka mwambie akuonyeshe alichokifungua