Faini ya mwendo kutoka Italia ikikufikia miezi tisa baadaye

Mimi nimekulia Tanga, na barabara ya kwenda Segera naijua kona kwa kona. Kule tochi, yaani kipima mwendo, iko kwa askari aliyejibanza nyuma ya mti, na madereva mnaopishana nao wanakuwashia taa kukuonya. Ukipigwa, unasimamishwa hapo hapo, unaandikiwa, unapewa kontroli namba, unalipa elfu 30 kwa simu, safari inaendelea. Kama una ubishi unabisha papo hapo, na askari yuko mbele yako.

Kwa hiyo barua ya Italia iliponifikia hapa Ujerumani tarehe 14 Mei 2024, kwa kosa la tarehe 17 Agosti 2023, nilidhani matapeli. Miezi tisa! Hata nilikokuwa siku hiyo nilikuwa nimesahau. Ikabidi nifungue picha za kwenye simu ndipo nikakumbuka: nilikuwa nampeleka mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, uwanja wa ndege wa Pisa. Tulilala Florence, tukachelewa kuamka, yeye ananiambia "dada, ndege itaniacha", mimi mguu uko chini. Kwenye ile barabara inayoitwa FI-PI-LI, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kamera ikanisoma 112 mahali pa 90.

Nikapiga picha barua nikaitupia kwenye grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa huku. Ndani ya dakika kumi nilikuwa na majibu matatu. Kaka mmoja: "Miezi mitatu imepita, tupa." Mwingine aliyewahi kuishi Birmingham: "Wanatakiwa wakutumie ndani ya siku 14, hiyo imekufa." Shemeji mmoja akamalizia: "Mtaliano hawezi kukufuata Ujerumani, lala usingizi."

Nimekuja kugundua kwamba wawili wa kwanza hawakuwa waongo. Ujerumani kosa dogo la barabarani kweli hufa baada ya miezi mitatu, kama hakuna hatua yoyote ya kisheria iliyochukuliwa ya kuikatiza hesabu hiyo. Uingereza kweli polisi wanatakiwa wamfikishie mwenye gari taarifa ya kwanza ndani ya siku 14. Ila mimi sikuendesha kasi Ujerumani wala Uingereza. Niliendesha kasi Toscana, mkoa wa Italia yaliko Florence na Pisa, na hesabu inayotumika ni ya Italia: siku 90 kwa mtu anayeishi Italia, siku 360 kwa anayeishi nje. Zimeandikwa kwenye kifungu cha 201 cha sheria yao ya barabarani. Basi kazi ya kwanza barua ikifika ni kuuliza kosa lilifanyika nchi gani, halafu usimsikilize mtu anayekutajia siku za nchi nyingine.

Kazi ya pili ni bahasha. Usiichane ovyo, usiitupe. Mimi niliiokota kwenye pipa la karatasi saa nne usiku, na taa ya simu mkononi, bibi wa ghorofa ya chini ananichungulia dirishani. Unahitaji tarehe tatu: tarehe ya kosa, tarehe waliyoikabidhi barua posta, na tarehe uliyoipokea wewe. Kwa upande wao, kinachoangaliwa kama wamewahi ni siku walipoikabidhi posta, na hiyo mara nyingi unaipata kwenye muhuri. Yangu ilitumwa tarehe 2 Mei. Nikahesabu kwa vidole na kalenda: siku 259. Wako ndani. Na hata ingekuwa imezidi kidogo nisingeshangilia haraka, maana kwa gari la nje hesabu yao inaweza kuanzia siku walipomjua mwenye gari, wala si siku ya kosa, na jina lako wanalipata kwa kuuliza Ujerumani.

Kwa upande wako inahesabiwa siku uliyopokea. Hapo ndipo pesa ilipo. Ukilipa ndani ya siku tano tangu kupokea, unapunguziwa asilimia 30. Kuanzia ya sita mpaka ya 60 unalipa kiasi cha kawaida. Baada ya 60 deni linarukia nusu ya kiwango cha juu kabisa cha kosa hilo, yaani karibu mara mbili.

Niwawekee hesabu yangu. Kamera ilisoma 112. Sheria inawataka wakupunguzie asilimia 5, na isipungue kilomita 5, kwa hiyo nikahesabiwa 106.4. Nimezidi kwa 16 na ushee. Kuzidi kilomita 10 hadi 40 kunaanzia euro 173. Lakini kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi wanaongeza theluthi, na mimi nilikuwa na dakika ishirini tu kabla ya saa moja. Ikawa 230.67. Ukitoa asilimia 30 inabaki 161.47. Juu yake wakaweka euro 22.50 za kumtafuta mwenye gari na za posta, ambazo hazipunguzwi. Jumla 183.97. Ningemsikiliza shemeji nikalala usingizi, baada ya siku 60 ingekuwa zaidi ya 480.

Kabla hujalipa, hakikisha barua ni ya kweli, na hapa hofu yangu ya utapeli sikuidharau. Ya kweli ina namba ya kesi, namba za gari lako, barabara na kilomita ilipo kamera, saa kamili, na kifungu ulichovunja (mwendo ni 142). Halmashauri nyingi zinawapa kampuni kazi ya kuandikia watu wa nje, kwa hiyo usishtuke jina la mtumaji likiwa si la halmashauri yenyewe. Nilichofanya, sikugusa anwani yoyote iliyokuwa kwenye barua. Nilitafuta mwenyewe tovuti ya halmashauri ile, nikaona wametaja mahali pa kulipia, nikalinganisha. Akaunti ya benki ya Italia huanza na IT na ina herufi na tarakimu 27. Ikianza na herufi za nchi nyingine, simama uulize kwanza. Na ujumbe wa simu wenye kiungo cha "lipa faini leo" huo ufute tu.

Ukishajiridhisha, lipa siku hiyo hiyo au kesho yake. Wanachotazama kwenye malipo ya benki ni siku pesa ilipoingia kwao. Mimi nilipokea Jumanne, nikalipa Jumatano, ikaingia Alhamisi. Ningesubiri Ijumaa jioni, mbele kuna wikiendi, na Jumatatu yake hapa ilikuwa sikukuu ya Pentekoste. Andika namba ya kesi na namba za gari kwenye sehemu ya maelezo, na kiasi kiwe kamili hadi senti. Kuna dada alilipa akasahau gharama za posta. Wakahesabu kwamba amelipa sehemu tu, na salio likaja na ongezeko lake.

Sasa ile fomu. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine inauliza nani alikuwa anaendesha. Watu wengi huiona ya ziada, wanaiweka pembeni kwa sababu wameshalipa. Hapana jamani. Ukiwa mwenye gari una siku 60 za kuijaza na kuirudisha na nakala ya leseni ya dereva. Usipojibu, hilo ni kosa jingine lenye faini yake, inayoanzia karibu euro 300, kubwa kuliko ya mwendo wenyewe. Nilijaza jina langu, nikaipeleka posta kwa rejista. Kuhusu pointi, za leseni ya Kijerumani haziguswi na kosa la Italia.

Kukata rufaa kupo. Unaweza kwenda kwa Prefetto, mwakilishi wa serikali kuu kwenye eneo hilo, ndani ya siku 60. Ni bure, ila ukishindwa unalipa angalau mara mbili. Au unaenda kwa hakimu wao wa makosa madogo: anayeishi Italia ana siku 30, wewe wa nje una 60, na ada ya kufungua kesi ya kiasi kama changu ni euro 43. Ukishalipa faini, mlango wa rufaa umefungwa, kwa hiyo amua moja. Aprili 2024 mahakama yao ya juu ilisema, kwenye uamuzi namba 10505, kwamba kamera kuidhinishwa tu hakutoshi, lazima iwe imepita na hatua ya pili ya kuthibitishwa, na mawakili wameishikilia sana hoja hiyo. Binafsi, kama gari si langu, au niliuza kabla ya tarehe ile, au siku 360 zimepita waziwazi, ningeandika rufaa. Kwa dakika ishirini za theluthi na mguu wangu mwenyewe, nililipa.

Na shemeji wa usingizi? Kati ya nchi za Umoja wa Ulaya kuna utaratibu wa kudaiana faini kuanzia euro 70. Hapa Ujerumani kazi hiyo inafanywa na ofisi ya shirikisho ya sheria iliyoko Bonn. Si kila halmashauri ya Italia inafika huko, hilo kweli. Lakini deni lao linaishi miaka mitano, na mimi kila kiangazi napita Brenner, njia ya milimani ya kuingilia Italia, na gari lile lile, namba zile zile.

Ukiwa ulikodi gari, mambo yanakuja mara mbili. Kwanza kadi yako inakatwa na kampuni ya kukodisha, miezi miwili mitatu baadaye. Hiyo si faini, ni malipo yao ya kuwapa polisi jina lako, na yako kwenye mkataba uliosaini bila kusoma. Faini yenyewe inakuja nyuma yake, kwa posta. Na zikija barua mbili za siku moja usidhani ni nakala. Angalia saa na namba ya kesi, hasa kama uliingia na gari katikati ya mji wa kale, kwenye maeneo yanayoitwa ZTL, yaani yale ambayo si kila gari linaruhusiwa kuingia. Mwaka huo wa 2023, kila ulipopita kamera iliweza kuwa faini yake.

Kosa langu kubwa kuliko la mwendo lilikuwa anwani. Nilikuwa nimehama nyumba Januari, na kadi ya gari bado ilisoma mtaa wa zamani. Ile barua ilifika kwa wakati kwa bahati tu, kwa sababu mwarabu wa duka la chini kule ananijua, akasaini akanipigia simu. Ingerudishwa au ingelala posta, siku zangu 60 zingeweza kwisha mimi sina habari. Wiki ile ile nilikwenda ofisi ya usajili wa magari na hati ya makazi mapya. Ilichukua robo saa.

Bahasha, barua, risiti ya benki na kile kikaratasi cha rejista viko kwenye faili moja, juu nimeandika kwa kalamu nene: 2029.