Kujua utaratibu wa mwalo, yaani ufukwe wa kupokelea mitumbwi na samaki, unapoanza kulegea

Usianze na viongozi. Anza na vyombo. Nenda alfajiri, siku za giza zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikirudi na taa zake. Ukikuta mvuvi analala juu ya injini yake kwa kuogopa kuiacha ufukweni, imani imeshapungua.

Kisha uliza faini ya mwisho ya BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, ilimwangukia nani, na pesa zilikwenda wapi. Zikiwaangukia wanyonge tu, watu huacha kuripoti wizi, wakaanza kujichukulia sheria mkononi. Hapo ndipo pabaya. Sungusungu wa Usukuma, vikundi vya wanakijiji vya kujilinda, walizuka hivyo mapema miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri.

Itisheni mkutano mapema, msome mapato na matumizi hadharani, kina mama wanaoanika dagaa wakiwepo.