Jinsi ya Kuchagua na Kujaribu Chaja ya GaN Jijini Nairobi

Ukipita barabara ya Luthuli utaziona zimepangwa nyuma ya vioo vya maduka: chaja ndogo zinazoenea kwenye kiganja, zikiwa zimeandikwa herufi tatu, GaN, pamoja na tarakimu kubwa kama 65W au 100W. Bei zake hupishana sana, na mnunuzi asiyejua la kuangalia huishia kuongozwa na maneno ya muuzaji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuichunguza chaja kabla ya kulipa na namna ya kuijaribu ukifika nyumbani, kwa kuwa chaja ndiyo inayosimama kati ya volti 240 za ukutani na simu iliyo mkononi mwa mtoto.

Herufi hizo ni za gali nitridi, semikondakta (mata inayoweza kuruhusu au kuzuia umeme kupita) inayochukua nafasi ya silikoni katika transista inayokatakata umeme ndani ya chaja. Ni mata ile ile iliyozaa taa za LED za bluu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2014. Pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuifungua elektroni ili ipitishe umeme, ni takriban elektroni-volti 3.4, ilhali la silikoni ni 1.1, kwa hiyo hustahimili volti kubwa hata ikiwa nyembamba, na transista yake hufunga na kufungua njia ya umeme kwa kasi kubwa bila kupoteza nishati nyingi kwa njia ya joto. Kadiri umeme unavyokatwa mara nyingi zaidi kwa sekunde, ndivyo kila mkupuo unavyobeba nishati kidogo, na ndivyo transfoma na kapasita, yaani visehemu vinavyohifadhi umeme kwa muda, zinavyoweza kupunguzwa ukubwa. Basi faida ya GaN ni udogo wa chaja na upungufu wa joto. Kasi ya kuchaji simu yako huamuliwa na mambo mengine, na hayo ndiyo ya kukaguliwa dukani.

Anza kwa kujua mahitaji yako kabla ya kutoka nyumbani. Geuza chaja iliyokuja na kipakatalishi chako usome idadi ya volti na ampea, kisha uzizidishe: volti 20 mara ampea 3.25 ni wati 65. Simu nyingi hutosheka na wati 20 hadi 45.

Ukiwa dukani, usiitazame tarakimu kubwa iliyo mbele ya chaja. Igeuze, tafuta maandishi madogo yanayoanza na neno «Output», na ikibidi yapige picha kwa simu uyakuze. Chaja halisi ya wati 65 yenye tundu la USB-C huorodhesha ngazi kadhaa, kwa kawaida volti 5, 9, 15 na 20, na ngazi ya juu huwa volti 20 kwa ampea 3.25. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chaja iliyoandikwa 65W kwa herufi za dhahabu, na nilipofika nyumbani ndipo nilipoona nyuma yake imeandikwa volti 5 na ampea 2.1 tu, yaani wati kumi na nusu. Kipakatalishi hakikuichukua kabisa. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla ya kuzidisha.

Ngazi hizo zipo kwa sababu chaja na simu huzungumza kwanza: chaja hutaja ngazi zake, nayo simu huchagua. Utaratibu huo huitwa USB Power Delivery. Simu nyingi za Samsung zinazochaji kwa wati 25 au 45 huhitaji nyongeza yake iitwayo PPS, ambayo huandikwa kama safu ya volti, kwa mfano 3.3–11V, isipokuwepo, simu itachaji polepole zaidi. Simu kadhaa za Kichina zina lugha zao za kampuni, na kwa hizo chaja yake ya asili huwa na kasi zaidi.

Ikiwa chaja ina matundu mawili au matatu, uliza namna wati zinavyogawanywa. Nyingi za wati 65 hutoa zote pale tundu moja tu linapotumika. Ukichomeka na simu, kipakatalishi huenda kikabakiwa na 45.

Kebo nayo isisahauliwe. Kebo ya kawaida ya USB-C kwa pande zote mbili hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ukitaka zaidi ya hapo unahitaji kebo ya ampea 5, ambayo ndani ya kichwa chake mna chipu ndogo inayoijulisha chaja uwezo wake. Nimeona watu wakilaumu chaja nzuri kwa kosa la kebo.

Upande wa usalama, tafuta kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, na uchague chaja yenye plagi ya pini tatu za mstatili. Epuka za pini mbili za mviringo zinazomlazimu mtu kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu. Mazoea hayo ni ya hatari, na pini hizo hukaa kwa ulegevu, zikatoa cheche na kuunguza soketi. Omba risiti yenye muda wa dhamana.

Nyumbani, ijaribu simu ikiwa na chaji ya chini ya nusu, maana betri inayokaribia kujaa hupunguza mwendo yenyewe. Ukiwa na mita ndogo ya USB, ichomeke kati ya chaja na kebo usome volti: ikionyesha 9 au zaidi, mazungumzo yamefaulu, ikibaki 5, badilisha kebo kwanza. Baada ya nusu saa iguse chaja. Uvuguvugu ni wa kawaida, lakini ikiwa huwezi kuishika au inanuka plastiki, ichomoe uirudishe. Kwenye kipakatalishi cha bati unaweza kuhisi mtekenyo mwepesi kama wa sisimizi, unaotokana na kapasita inayounganisha pande mbili za chaja ili kupunguza mwingiliano wa mawimbi ya umeme. Mshtuko wa kukurusha mkono ni jambo jingine, na chaja hiyo isitumike tena. Wala usiifungue kutafuta kosa: umeme wa volti 240 ukinyooshwa, yaani ukigeuzwa ndani ya chaja uelekee upande mmoja tu, hufikia takriban volti 340, na kapasita kubwa iliyo ndani yaweza kuushikilia hata baada ya chaja kuchomolewa.